Vijineno vya Kiingereza na Ndimi Zetu

Ukifungua daftari la Kiingereza la mtoto wa gredi ya tano au ya sita, utaona kwamba wino mwekundu wa mwalimu hauangukii sana maneno makubwa. Wana wetu huandika "hospital", "government" na "environment" bila kukosa herufi. Kinachozungushiwa duara ni vijineno vya herufi mbili tatu: "in", "on", "at", "to", "for", "by", "of". Mtoto akiulizwa kwa nini ameandika hiki badala ya kile, huinua mabega. Mzazi naye akiulizwa na mtoto, aghalabu humwambia akamuulize mwalimu.

Sisi ni kina mama tunaokutana mara mbili kwa wiki, baada ya swala ya alasiri, katika baraza ya madrasa ya mtaani kwetu, kusoma Kiingereza. Baadhi yetu tuliacha shule mapema. Wengine tuliufanya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na tunaikumbuka ile habari yenye mapengo iliyokuwa mwanzoni mwa karatasi ya Kiingereza. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, naye ndiye anayetuongoza. Mwaka huu tulikubaliana tuziweke kando kwa muda nyakati za vitenzi, ambazo vitabu vingi huanza nazo, tukae na vijineno hivi mpaka vituelee.

Sababu yake haikuwa mitihani ya watoto. Mwenzetu mmoja, mjane, ana binti aliyepata nafasi katika shule ya sekondari. Aliletewa fomu ya basari, na chini ya fomu ile paliandikwa kwamba irudishwe "before 15th". Shemeji yake aliijaza vizuri, akaitafutia mihuri yote inayotakiwa, akaifikisha ofisini asubuhi na mapema ya tarehe 15. Karani akamwambia muda ulikwisha jana. Lau fomu ingesema "by 15th", au "on or before 15th", shemeji angekuwa amewahi, na saa za ziada zingembakia. Lakini "before" ni kabla, na kabla ya tarehe 15 ni tarehe 14. Binti alikaa nyumbani wiki tatu, akiwatazama wenzake wakipita na mikoba, mpaka jamaa walipochangishana karo ya muhula mmoja. Muhula wa pili ulipofika, mama yake aliuza cherehani.

Tulizungumza sana siku ile kama karani angeweza kuwa na huruma. Huenda angeweza. Lakini fomu nyingine zitakuja, na makarani wengine, na hatuwezi kuishi kwa kutarajia huruma za watu kwa maneno ambayo tungeweza kuyasoma wenyewe.

Basi tulianza na majina. Wazungu wameliita kundi hili la maneno kwa jina lenye asili ya Kilatini, "preposition", maana yake kilichowekwa mbele, kwa kuwa husimama mbele ya nomino. Kiswahili kinaliita kihusishi, kwa kuwa huhusisha kitu na kitu. Waarabu wanaziita harfu za jarr, yaani harfu za kuvuta, kwa kuwa huivuta nomino inayozifuata hata mwisho wake ukabadilika. Jambo hili la tatu wana wetu wameshalisikia kabla ya kuingia shule yoyote. Mtoto husikia mwadhini akitamka "Allahu", kwa u. Kisha akimaliza kula husema "Alhamdulillahi", kwa i. Ile u imekuwa i kwa sababu ya harfu moja tu, "li", iliyotangulia mbele yake. Anaposema "Bismillahi" ameshatumia "bi", na anaposikia kwamba fulani ametoa mali yake fii sabilillahi amesikia "fii". Waliosoma Ajurumiya, kile kitabu kidogo cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, wanakumbuka kwamba harfu hizi zimetajwa kwenye kurasa zake za mwanzo kabisa: min, ila, an, ala, fii, rubba, na zile ba, kaf na lam. Mwanachuoni huyo hakuziahirisha hadi mwisho wa kitabu, na sisi tuliona ni vyema kumfuata katika hilo.

Kwa hiyo mtoto wa madrasa haingii katika somo hili mikono mitupu. Tena ana Kiswahili, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumeambiwa shuleni kwamba lugha yetu ndiyo inayotukwamisha.

Tuchukue neno msikitini. Tunasema baba ameingia msikitini, ametoka msikitini, anaelekea msikitini, yupo msikitini. Neno lenyewe halikubadilika hata herufi. Kilichobeba safari yote ni kitenzi. Kiingereza hupenda kufanya kinyume chake. Kitenzi kinaweza kuwa kile kile, "went", na kijineno kikaeleza yaliyobaki: "went into the mosque" ni kuingia, "went out of the mosque" ni kutoka, "went towards the mosque" ni kuelekea, "went past the mosque" ni kuupita. Mswahili anayejifunza Kiingereza huweka nguvu zake kwenye kitenzi, kama alivyozoeshwa na mama yake, kisha akifika kwenye kijineno huokota chochote kilicho karibu. Hapungukiwi akili. Mzigo umehamishwa kutoka bega moja kwenda jingine, wala hakuna aliyemjulisha.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakipambanui mahali. Tunacho kipimo chetu, na ni kipimo kizuri: hapa, huku, humu, po, ko, mo. Wali umo chunguni, kwa kuwa chungu kimeuzunguka. Mgeni yupo mlangoni, kwa kuwa mlango ni mahali mahususi panapojulikana. Ndugu yetu yuko Malindi, pengine mjini, pengine mashamba, Mungu ndiye ajuaye. Mwalimu wetu alituambia tushike "mo" na "in" kwa mkono mmoja, kwa kuwa zote mbili ni za kitu kilichozungukwa na kingine. Kisha tushike "po" na "at" kwa mkono wa pili, kwa kuwa zote ni za nukta mahususi: "at the door", "at the gate", "at the bus stop". Hazilingani kila mahali, na yeyote anayeahidi kwamba lugha mbili zitalingana kila mahali anadanganya, lakini zinatosha kumfikisha mtu nusu ya njia.

Hapa tuna neno na wazazi wenzetu. Watoto wengi wa leo wameliacha "mo" kabisa. Kila kitu kimekuwa "iko": sukari iko koponi, nguo iko kabatini, na hata kitabu iko mezani, jambo ambalo nyanya zetu wangeliziba masikio wasilisikie. Mtoto asiyesema tena kwamba sukari imo koponi amepoteza chombo ambacho kingemsaidia kuiona "in". Wazazi wanaomzuia mtoto kusema Kiswahili safi nyumbani ili Kiingereza chake kinawiri wanamnyang'anya ngazi aliyokuwa ameshaanza kuipanda.

Kuhusu "on", hatukupata mwenza wake. "Juu ya" ndilo neno ambalo vitabu hutoa, nalo lilitutatiza hadi tulipoliweka mbali. Tazama chumbani. Shuka iko juu ya kitanda, na feni pia iko juu ya kitanda. Kwa Kiswahili hakuna tatizo, kila mtu anajua feni haikulala. Kwa Kiingereza shuka ni "on the bed" na feni ni "above the bed" au "over the bed", na mwenye kusema "the fan is on the bed" amesema kwamba feni imeanguka. Kinachotakiwa na "on" ni mguso. Kitu kimegusa uso wa kitu kingine na kutulia hapo, basi; huo uso waweza kuwa chini, ubavuni, au hata upande wa chini wa dari. Picha ni "on the wall". Mjusi aliyeganda darini, miguu juu, ni "on the ceiling", ingawa kwa hesabu yetu yuko chini ya dari. Lakini msumari uliopigiliwa ukutani ni "in the wall", kwa kuwa umo. Mmoja wetu alisema kwamba lau angeambiwa habari ya mjusi akiwa na miaka kumi, asingechapwa mara nyingi alizochapwa.

Sisi watu wa mwambao tuna mfano wetu mwingine, nao ni bahari. Katika fomu za shule kuna mahali pa kuandika baba yuko wapi au anafanya kazi gani, na wengi wa baba wa watoto wetu ni wavuvi au mabaharia. "My father is at sea" maana yake baba yuko safarini, ndani ya chombo chake, kazini, na atarudi inshallah. "My father is in the sea" maana yake baba yumo majini: ama anaogelea, ama amezama. Mwalimu anayesoma sentensi ya pili katika insha ya mtoto hajui ampe alama au ampe pole. Na ajabu ni kwamba Waingereza hao hao husema "at sea" kwa mtu aliyechanganyikiwa asijue la kufanya, kana kwamba hawakuwahi kumwona nahodha wa jahazi.

Kwa visiwa, mji ni "in Lamu", kisiwa chenyewe ni "on Lamu Island", na gatini unaposhukia ni "at the jetty". Kwa vyombo vya kusafiria, tuktuk na teksi hupewa "in", kwa kuwa unajikunja ukaingia ukakaa, ilhali basi na feri hupewa "on", kwa kuwa unapanda na unaweza kusimama ukatembea ndani yake. Bodaboda ni "on", na hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kuipanda akiwa na buibui.

Ugonjwa nao una utaratibu wake. Ukimwandikia mwalimu kwamba mtoto wako "is in hospital", umemwambia amelazwa. Ukiandika "is at the hospital", umemwambia yupo huko tu, pengine amekwenda kumtazama nyanya yake au kupimwa na kurudi. Tofauti hiyo ndiyo itakayomfanya mwalimu apige simu usiku au angoje asubuhi.

Wakati tuliupitia kwa haraka, kwa kuwa kanuni yake ni nyepesi kuliko ya mahali: kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo kijineno kinavyochonga. Saa ni "at", siku ni "on", mwezi na mwaka ni "in". "At 4 o'clock", "on Friday", "in Ramadhan", na usiku wa tarehe 27 ya mwezi huo ni "on the 27th night of Ramadhan", kwa kuwa ni siku mahususi. Asubuhi ni "in the morning", lakini usiku ni "at night", na asubuhi ya Ijumaa hurudi kuwa "on Friday morning". Wenye lugha wenyewe hawana sababu ya kutosha kwa hayo. Tuliyakariri.

Tulipofika kwenye karatasi za zahanati tulikwenda polepole tena. Maneno "come back in 2 weeks" yalileta ubishi mkubwa barazani, kwa kuwa "in" tulikuwa tumeshaijua kuwa ni ndani, na ndani ya wiki mbili ni siku yoyote kabla hazijaisha. Hapa maana yake ni wiki mbili zikishapita. Ndani ya wiki mbili, kwa maana yetu, ni "within 2 weeks". Na "for 2 weeks" ni muda wote wa wiki mbili mfululizo. Mama mmoja wa mtaani aliandikiwa dawa ya mtoto "for 5 days", akaiacha siku ya tatu homa ilipotulia. Mwingine akiambiwa arudi "in 5 days" hurudi kesho yake, akapoteza nauli na siku nzima ya foleni. Vijineno vitatu hivyo tuliviandika kwenye kadi, kila mmoja akaibandika kadi yake jikoni, karibu na mahali dawa zinapowekwa. Ilani za wenye nyumba nazo hupenda "within": "within 7 days" haikuambii ungoje siku saba kisha ufikirie, inakuambia siku ya saba isikukute hujatenda.

Somo lililotunyamazisha lilitokana na mtoto. Binti wa mmoja wetu, wa gredi ya sita, alifiwa na nyanya yake mwezi wa Shaabani, na shuleni akaagizwa aandike insha juu ya siku asiyoisahau. Akaandika habari za maziko, na jinsi jamaa walivyojaa uani wakisoma. Mwishoni akataka kusema kwamba walimwombea nyanya, akaandika: "We prayed to our grandmother." Mwalimu wa Kiingereza, ambaye si Mwislamu, hakuona kosa la nahau, akampa alama nzuri. Sentensi imekamilika. Ila imesema kwamba walimwabudu nyanya yao.

Mama yake alikuja nayo darasani akiwa amekunja uso, nasi tukakaa nayo alasiri nzima. Kwa Kiswahili, kuomba na kuombea vinatofautiana kwa herufi moja tu iliyopachikwa tumboni mwa kitenzi: tunamwomba Mola, tunamwombea maiti. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayevichanganya, hata wa miaka minne. Kiingereza nacho kina kazi ya herufi ile, ila kimeitoa nje ya kitenzi na kuisimamisha peke yake: "pray to" ni kuomba, "pray for" ni kuombea. Kiarabu nacho kiko hivyo hivyo, na hapo ustadhi wa madrasa, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili, alituomba ruhusa aongeze. Alisema mtu akiswali kwa ajili ya Mola wake hutumika "li", na swala ya jeneza hutumika "ala": "swalla ala" maiti, wala si "swalla li". Akaongeza lililotutia hofu kidogo, kwamba kwa Kiarabu "daa lahu" ni kumwombea mtu heri, na "daa alayhi" ni kumwapiza. Kitenzi ni kimoja, mwombaji ni mmoja, mikono imeinuliwa vile vile. Harfu ndiyo inayoamua kama aliyetajwa amepewa dua au laana.

Tangu siku ile hakuna aliyeviita tena vijineno hivi vya kupita.

Na tulipoutazama upya mlango huo wa vitenzi, tuliona hazina kubwa. Kiswahili kinasema kuhama na kuhamia, Kiingereza "move from" na "move to". Tunasema kumkimbia mtu na kumkimbilia, wao "run from" na "run to". Tunasema kumsema mtu, kumsemea, na kusema naye, mambo matatu ambayo katika mtaa wowote yanajulikana uzito wake, nao wanasema "speak against", "speak for" na "speak with". Chungu cha kupikia, kisu cha kukatia, maji ya kunawia: kila kimoja kina kihusishi kilichofichwa ndani ya kitenzi chake, na kazi ya mfasiri ni kukifichua. Kwa hiyo zoezi letu likawa kuchukua kitenzi cha Kiswahili, kukibana, na kuuliza, nani yumo humu ndani?

Kuna vitenzi vinavyotaka umakini kwa upande mwingine. Sisi tunamngoja mtu, tunamsikiliza, tunamtafuta, tunamtazama, moja kwa moja bila daraja. Kiingereza hutaka daraja: "wait for", "listen to", "look for", "look at". Halafu mahali ambapo hakuna haja ya daraja, Kiingereza cha Kenya kimejenga. "Discuss about", "request for", "emphasize on", "comprise of" utazisikia redioni na katika mikutano ya wazazi. "Discuss" imeshabeba "about" tumboni mwake, kama jadili ilivyo na kuhusu. "Request" ikiwa nomino hupewa "for", ikiwa kitenzi haipewi. Hatusemi kwamba anayeyatumia ameangamia. Lugha hubadilika kwa wanaoitumia, na huenda siku moja "discuss about" ikaingia katika kamusi. Ila kwa sasa barua ya kuomba kazi husomwa na mtu mwenye kalamu mkononi.

Vivyo hivyo tuliwatoa watoto hofu kwamba ni haramu kumaliza sentensi ya Kiingereza kwa kihusishi. Amri hiyo ina historia: mshairi John Dryden, mwaka 1672, alimtia kasoro Ben Jonson kwa kufanya hivyo, na walimu wakaishika kana kwamba ni sheria. Waingereza wenyewe kila siku husema "What are you waiting for?" na mbingu hazijaanguka.

Lililotuchekesha kuliko yote ni "na". Neno hili letu hufanya kazi za watu wanne: ni "and", ni "with", ni "have", na katika vitenzi vya kutendwa ni "by". Ameumwa na nyoka, "bitten by a snake". Ameitwa na mama, "called by her mother". Basi mwenzetu mmoja, akijaza fomu, akafuata njia hiyo hiyo: ameolewa na Ali, "married by Ali". Mwalimu akamuuliza kama Ali ni kadhi. Kwa Kiingereza anayekuwa "by" katika ndoa ni yule aliyewaozesha: "We were married by the kadhi." Mume ni "to": "She is married to Ali." Kwa hiyo kuna wanawake wengi wa pwani ambao, kwa mujibu wa karatasi walizojaza, wameolewa na watu wasiojulikana, na waume zao ni viongozi wa dini.

"Kwa" nayo haiko nyuma. Kwa basi ni "by bus", kwa kisu ni "with a knife", kwa mama ni "at mother's", kwa siku tatu ni "for three days". Ushauri tuliouona una manufaa ni kutoifasiri "kwa" hata mara moja. Uliza badala yake: hapa "kwa" inaeleza chombo, njia, mwenye nyumba, au muda? Ukishajibu, kijineno cha Kiingereza hujitokeza chenyewe.

Wazazi hutuuliza wanunue kitabu gani. Vitabu vipo, na si vibaya, lakini orodha ndefu ya vihusishi humchosha mtoto kabla hajafika ukurasa wa pili. Sisi tulipata zaidi kwa kuizunguka nyumba. Jioni moja, mtoto akiwa anasaidia jikoni, mwambie akueleze kwa Kiswahili safi kila kitu kilipo, kwa po na ko na mo zake, kisha aseme tena kwa Kiingereza. Pilipili zimo kwenye kinu. Mchi umeegemea ukuta, "against the wall", kijineno ambacho hakuna aliyekitarajia. Paka yuko chini ya meza, "under the table". Kati ya friji na ukuta, "between", pana fagio. Mchezo huu hauhitaji senti, na mama asiyejua Kiingereza anaweza kuusimamia, kwa kuwa nusu ya kwanza ya mchezo ni yake.

Na karatasi msizitupe. Kila Jumatano kila mmoja wetu huleta karatasi moja iliyoingia nyumbani kwake: risiti, ilani ya shule, maelezo ya dawa, mkataba. Tunazisoma kwa kalamu nyekundu, tukizungushia duara vijineno tu, kisha tunasema kwa Kiswahili kila duara linatudai nini na lini. Jumatano iliyopita kijana wa mmoja wetu alileta mkataba wa kazi ya Ghuba ambao binamu yake wa kike anatakiwa kuutia sahihi. Tulihesabu "from" tano katika ukurasa mmoja. Moja ilisema miaka miwili huhesabiwa "from the date of arrival", si tangu siku ya sahihi. Nyingine ilisema gharama za tikiti zitakatwa "from her salary". Ya tatu hatukuielewa vizuri, inahusu pasipoti na nani ataishika. Mwalimu ameinakili, na tumemwambia binti asitie sahihi mpaka Jumatano hii tutakapoisoma tena, pamoja na wakili wa mtaani aliyekubali kuja baada ya alasiri.